Mfuko wa Sirkku

Fomu ina kurasa tatu. Niliitunga mimi,
karani wa idara, mwaka wa kumi na tisa kwenye kiti kinacholia:
"Mfuko wa Kumbukumbu ya Sirkku Turunen,
kwa wanafunzi wa uzamili na uzamivu, fizikia na optiki."
Haina kisanduku cha kueleza
kwamba mfuko huu ulianza kwa kuwa mfuko hasa,
wa koti, upande wa kulia.

Mama yake, Hilkka, alikuwa dobi hapa Joensuu, nyuma ya stesheni.
Miaka arobaini alipekua mifuko ya watu
kabla ya kuzitosa nguo mashineni:
funguo, sarafu, barua ya mapenzi iliyochacha,
na safari moja jino la mtoto ndani ya karatasi.
Vyote alirudisha. Hata jino.
Koti la binti lilipotoka hospitali
mkono ukatangulia, akili ikafuata:
tiketi ya basi,
karatasi laini ya kufutia lenzi,
mche wa kioo, ncha moja imemeguka.
Hakujua amrudishie nani.

Aliuweka dirishani, penye miche ya nyanya.
Machi, jua la huku bado linalala chini kama mgonjwa,
mche ule ulivunja mwanga vipande saba
ukavimwaga juu ya majani mawili mawili ya miche mingine.
Hilkka akaacha kumwagilia. Akakaa.
Wiki ile akauza mashine zote.

Alikuja ofisini na bahasha inayonukia sabuni.
"Kiasi gani kinatosha?"
Kinatosha nini, nikamuuliza.
"Mtu mmoja apime nuru bila kuhesabu mikate."

Siku ya usaili maprofesa watatu waliuliza ya leza, ya mawimbi,
ya nyuzi za kioo nyembamba kuliko unywele.
Hilkka, mwisho wa meza, alimuuliza kila mmoja:
"Koti lako lina mifuko mingapi?"
Mmoja alicheka. Mmoja alitazama mlango.
Pihla Räsänen alisimama, akajipapasa.
"Mitatu. Huu umetoboka."
Kwenye kumbukumbu za kikao niliandika:
swali la mfadhili, limejibiwa.

Baridi ya pili Pihla aliuazima mche
na daftari la Sirkku, ukurasa wa sitini na moja,
ambapo chini ya namba ndefu pana neno peke yake: "Rudia."
Akarudia. Mara kumi na moja, taa zimezimwa,
mto Pielisjoki umeganda nje,
vidole vimekuwa vya mtu mwingine.

Kisha akaenda kwa Hilkka na viatu vyenye theluji, akakataa kahawa,
na huku ukikataa kahawa watu hudhani kuna msiba.
"Namba ya Sirkku ina kosa," alisema.
"Tarakimu ya tano baada ya nukta.
Kioo hakikuwa kimepoa. Alikitoa mfukoni akapima papo hapo."
Hilkka alinyamaza mpaka friji ikanyamaza nayo.
"Kilikuwa na joto kiasi gani?"
Pihla alikuwa ameshapiga hesabu, kutokana na kosa lenyewe:
nyuzi thelathini na moja.
"Kiganja," Hilkka akasema. "Alikuwa amekishika njia nzima."
Akamimina kahawa. Safari hii ikanywewa.

Ripoti ilinifikia Mei, nakala mbili.
Nilikuwa natafuta mahali pa muhuri nikakuta, ukurasa wa mwisho,
jedwali, na chini yake maandishi madogo:
"Chanzo cha kosa: mfuko."